Nafasi Yako Kwenye Bawa la Kulia

Nyumbani,
Jumapili, 6 Aprili.

Mpendwa Shangazi Cheche,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata lile ambalo Baba alinikataza kulitaja. Jana jioni alisema mwenyewe, "Haya, mwandikie shangazi yako. Mwambie na la meza ya pasi." Kwa hiyo nina ruhusa.

Lakini salamu kwanza. Shikamoo, Shangazi. Mgongo unaendeleaje? Huko kazini bado wanakusimamisha mchana kutwa? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, cherehani yake ndiyo inayougua kidogo. Bibi ana kikohozi kinachokuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, ila sauti ya kutugombeza iko palepale. Mimi nimeingia sekondari, na sare niliyoshonewa Januari tayari inanibana mabegani.

Sasa habari yenyewe. Mkaguzi wa ndege alikuja jana, na ndege yetu imepita! Imepita, Shangazi! Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema alama moja ya mshangao inatosha ukurasa mzima, lakini yeye hajengi ndege.

Ngoja nianzie mbali. Ulipoondoka nilikuwa darasa la pili. Fremu uliyoichomelea ilisimama katikati ya karakana kama mifupa ya samaki mkubwa, na ukutani ulikuwa umeandika kwa chaki: KITU KIMOJA KILA SIKU, HATA KIWE KIDOGO. Baba aliifuata sheria yako miaka minne. Akitoka kwenye useremala wake wa milango na vitanda, alikunywa chai, kisha akaenda kugundisha ubavu mmoja wa bawa. Siku ya homa alikaza skrubu moja tu akarudi kulala.

Majirani walimbatiza Rubani wa Nchi Kavu. Yule kinyozi wa mbele yetu alimpigia kelele kila alipopita na mbao, "Haba na haba imejaza kibaba, Mzee! Ndege itajaa lini?" Baba akamjibu, "Wewe nyoa tu. Nikipita juu ya paa lako, uniinulie wembe."

Ndipo likaja lile tulilokuficha. Unakumbuka vile vipande vya nyuma ya mabawa, vinavyopanda na kushuka ili ndege iinamie upande? Ni cha kulia na cha kushoto, kama viatu. Baba alitengeneza cha kushoto kwa miezi mitatu, kikatoka safi. Kisha akatengeneza cha pili kwa kiolezo kilekile, naye akasahau kukipindua. Miezi mitatu mingine! Mimi ndiye niliyemshikia siku ya kukijaribisha. Nikasema, "Baba, mbona hiki kinatazama huku?" Alikizungusha, akakizungusha tena, kisha akaketi juu ya ndoo.

"Seremala wa miaka ishirini," alisema, "nimeshona viatu viwili vya mguu mmoja."

Akafunga mlango wa karakana na kunionya nisikwambie.

Hakuingia tena. Wiki zikawa miezi. Ukimtajia ndege, ghafla alikumbuka bomba linalovuja. Mama akakichukua kile kipande cha kushoto cha pili, akakitandika blanketi, akawa anapigia pasi nguo za wateja. "Kimenyooka kuliko meza zote ulizowahi kunitengenezea," alimwambia. Baba hakucheka.

Shangazi, niliogopa. Alikuwa akitembea kama mtu aliyedondosha kitu njiani na hataki kuulizwa ni nini. Ndipo nikayakumbuka maandishi yako. Sheria haikusema ni nani afanye hicho kitu kimoja. Kila siku nikitoka shule niliingia kwa mlango wa nyuma. Leo nilifagia, kesho nikapanga skrubu kwenye makopo, keshokutwa nikapaka mafuta fremu yako isishike kutu. Kisha nilichora mstari mmoja wa chaki chini ya maneno yako.

Siku ya mia moja na kumi na tatu nilimkuta Baba amesimama mle ndani, anahesabu mistari kwa kidole.

"Nani amenichafulia ukuta?"

"Mimi, Baba."

Akaukagua ubao niliokuwa nimeupiga msasa. "Unasugua kama unapiga mswaki. Fuata nyuzi za mti. Lete hapa."

Wiki ileile alikipindua kiolezo na kukiandika KULIA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za dukani. Tangu hapo mimi ninaitwa Msasa.

Basi jana. Mkaguzi lazima auone undani wa ndege kabla haijavikwa kitambaa. Alikuja mama mmoja mfupi mwenye tochi na kioo chenye mpini kama cha daktari wa meno. Alikataa chai mpaka amalize. Saa tatu nzima! Baba alimfuata nyuma, kofia mkononi. Mama alijifanya anashona, lakini mguu wake haukukanyaga cherehani hata mara moja.

Mkaguzi alipofika nyuma ya kiti cha rubani alisimama. "Nani alichomelea hapa?"

"Dada yangu," Baba akasema.

"Yuko wapi?"

"Mbali."

Akapitisha kidole gumba juu ya kiungo chako, taratibu. "Huko mbali wamefaidi," akasema, akatia sahihi.

Akitoka akaiona meza ya pasi. "Na hiki je?" Baba akamweleza mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili. Mkaguzi alicheka mpaka akaomba kiti, na Baba naye akacheka, kicheko kile cha zamani unachokijua wewe.

Jumamosi ya tarehe 26 Mama ataanza kuvika mabawa. Kabla ya hapo kila mmoja wetu anaandika neno kwenye ubavu wa kwanza wa bawa la kulia, mahali ambapo hapataonekana tena. Baba ameandika tarehe. Mama ameandika, "Nilishona mimi." Bibi amebonyeza kidole gumba chenye wino, akakipuliza kwa maringo. Mimi bado nafikiri. Katikati ya Baba na mimi tumeacha nafasi ya kiganja kimoja, na ni yako.

Kwenye barua yako ulisema vyombo vyako vya kuchomelea vinaota kutu guniani, na kwamba mambo ya ndege yalikuwa ya ujana. Nisamehe, Shangazi, sikuamini.

Wasalimie binamu zangu, yule mrefu na yule wa maswali. Kinyozi anakusalimu na anadai hajawahi kucheka. Bibi anasema Mungu akupe mgongo mwepesi na njia iliyonyooka.

Barua huchukua siku tisa, kwa hiyo nijibu siku hiyohiyo utakayoipata hii: nikuandikie mimi neno utakalonitumia, au Mama aliache bawa la kulia wazi mpaka uje kuandika kwa mkono wako?

Mimi, binti ya kaka yako, ninayekupenda na kukungoja,
Msasa