Mega za Mama

Bunia, Jumamosi. Mvua imeanza mchana na bado inanyesha. Mtaa wetu wa Mudzipela wote ni tope, na mimi nimejifungia chumbani na kompyuta yangu kama mtu aliyeiba.

Kweli nimeiba.

Leo, mjini Butembo, walikuwa wanamzika mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyemlea mama tangu utoto. Mama hakuweza kusafiri. Barabara ile siku hizi si ya mtu wa umri wake. Tukapatana binamu yangu apige simu ya video wakati wa mazishi, na mama akanunua mega za intaneti za kutosha. Tangu asubuhi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, simu mapajani, ingawa mazishi yalikuwa saa tisa.

Mimi nilikuwa natengeneza picha ya marehemu tuitundike sebuleni. Kusema ukweli, ilikuwa imeshakamilika. Programu yangu ya picha niliisakinisha zamani kwa apt, njia ya kawaida ya kupakua programu kwenye Linux, na inafanya kazi vizuri. Lakini ni toleo la zamani, na juzi kwenye kundi letu la watu wa Linux kuna jamaa alinicheka kwa sababu yake. Iliniuma. Nikataka toleo jipya, leo leo, na jipya liko kwenye Flatpak, njia nyingine ya kupakua.

Nimetumia vitu hivi miaka mingi, tofauti yake naijua. Apt inavuta mega kidogo, kwa sababu programu zake zinatumia vitu vilivyomo tayari kwenye kompyuta. Flatpak ni kama mgeni wa siku moja anayekuja na godoro lake, sufuria yake na makaa yake. Wenye intaneti isiyokwisha wanabishana ipi ni bora. Kwetu jibu linategemea mega ni za nani.

Zangu zilikuwa zimeisha. Nikamwomba mama niunganishe kompyuta na simu yake, nivute mega kidogo.

"Kamata, mutoto yangu," alisema, bila hata kuuliza ni za nini.

Kompyuta ilinionyesha ukubwa wa mzigo wa kupakua, ikaniuliza kama nakubali. Nilibonyeza Y, yaani ndiyo, kabla ya kusoma. Huwa sisomi.

Saa tisa binamu akapiga. Nilisimama nyuma ya mama. Tuliona mwavuli, mgongo wa mtu, kisha kona ya sanduku. Mama akaanza kumwita dada yake, "Yaya, yaya yangu..." Picha ikaganda, halafu ikakatika. Mega zilikuwa zimekwisha, na nilijua palepale zimekwenda wapi.

Nilikimbia kwenye mvua kutafuta nyingine. Muuzaji wa karibu alikuwa amefunga. Wa pili nilimpata mbali, upande wa soko. Niliporudi tukapiga. Binamu akasema wameshafukia, watu wanatoka makaburini.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaniangalia, akidhani amebonyeza vibaya.

"Njo miye nilifinya mubaya, mega ikaisha?"

Safari hii sikuwa na haraka. Swali nililisikia lote, mpaka mwisho.

"Pengine, mama," nikamwambia. "Haina shida."

Naona aibu hata kuandika. Ningeweza kunyamaza tu, na hata hilo lingekuwa afadhali.

Tangu hapo majirani walikuwa wakiingia kumpa pole, na kila mmoja aliambiwa habari ileile: "Nilikuwa na yaya yangu pale ndani ya simu, vidole vyangu vikaharibisha." Walimfariji. Mimi niliwapa viti, kisha nikajifungia humu.

Programu mpya iko hapa mbele yangu. Imefunguka bila kosa lolote. Sijaigusa, na nikiiondoa sasa hivi hakuna kitakachorudi.

Wageni wameondoka, na mama amebisha mlangoni sasa hivi. Hakuingia. Alisema tu: "Kesho nikitoka kanisani, unifundishe kufinya muzuri. Kama kuko kilio ingine, nisiharibishe tena."

Nikaitika ndiyo.

Kesho atakuja kuketi kando yangu na kunyoosha kidole chake. Kabla hakijagusa simu, lazima awe ameshajua kidole kilichoharibu ni cha nani.