Mjomba Wangu Yuko Fomu ya Kwanza

Bi. Mwanamisi,

Salaam aleikum, ingawa kwetu ni watu wa kanisa, lakini mama alinilea nikijua kwamba mtu huamkiwa kwa salamu ya kwao. Nakusoma kila gazeti linapofika maktaba ya shule, na sikudhani siku moja nitakuandikia, maana niliona wanaokuandikia wengi ni watu wa ndoa, na shida yangu mimi ni ya shule, ila imekuwa kubwa kuliko mimi.

Mimi ni kiranja mkuu wa shule moja ya wavulana ya bweni, si mbali na mji wa Kakamega, niko fomu ya nne, na mwaka huu mjomba wangu Erastus, ndugu wa mama yangu tumbo moja, ameingia shule hii hii, fomu ya kwanza. Tafadhali usicheke. Mjomba ni mtu mzima ana mke na mtoto, alikuwa mwalimu kule kijijini na ndiye aliyenifundisha mimi kusoma, na siku ya mtihani wangu wa mwisho wa shule ya msingi mvua ilinyesha akaniweka juu ya baiskeli yake akaisukuma kwenye matope mpaka kituo cha mtihani, yeye suruali imelowa mpaka magotini na mimi sare yangu safi. Lakini tangu tupate Uhuru walimu wasio na cheti wanaambiwa watafute cheti ama wawapishe wengine, naye akaona heri arudi kusoma kuliko kukaa nyumbani akinung'unika, akafanya mtihani pamoja na watoto aliowafundisha mwenyewe, akaitwa kwetu. Anavaa kaptula kama wenzake na kuchota maji kama wenzake, na mimi kila nikimwona na ile ndoo natamani ardhi inifiche.

Kwetu, Bi. Mwanamisi, khotsa, yaani huyo ndugu wa mama, si mtu wa kuchezea, ukimwudhi akanyamaza nalo rohoni mambo yako yanakwama hata kama hakusema neno. Na katika shule yetu, tangu enzi za Wazungu, mwenye kosa hupiga magoti mbele ya kiranja mkuu akasomewa adhabu wenzake wakitazama.

Basi mwezi uliopita, Jumapili jioni, watu wawili walikamatwa wakipenya kwenye ua wa nyuma bila ruhusa. Mmoja ni Patroba wa fomu ya kwanza, alikwenda mjini kutazama mpira. Wa pili ni mjomba, alikuwa anatoka nyumbani kwake Sigalagala kumwona mtoto wake aliyeshikwa na surua. Naibu wangu Phineas akawaleta wote mbele yangu. Patroba akapiga magoti, na mjomba naye akaanza kukunja goti, nikamdaka mkono nikamwinua nikamwambia aende bwenini. Akanitazama, akasema polepole, "Mwiwa, niache nimalize." Mwiwa ndiyo mpwa. Nikaona haya kuitwa hivyo mbele ya watu, nikamsukuma aende. Patroba nikampa kufyeka nyasi nyuma ya jikoni wiki nzima, na jina la mjomba sikulifikisha popote.

Kesho yake kabla ya kengele nikamkuta mjomba nyuma ya jikoni na fyekeo, anafyeka upande mmoja na Patroba upande mwingine, nikakasirika kwa sababu niliona ananiaibisha kwa makusudi, nikamnyang'anya fyekeo nikamwamuru aende darasani. Tangu siku ile hajaniuliza habari. Wavulana wa fomu ya kwanza wakimwona anakuja wananyamaza, wakicheza drafti hawamwiti, na mezani anakula obusuma wake, yaani ugali, kwenye pembe peke yake.

Sasa hapa ndipo ninapozama. Shule yetu ina Chama cha Utepe, ambacho ni cha wanafunzi wenye alama bora na mwenendo safi, wanavaa utepe wa buluu mfukoni na wanaheshimika kuliko hata viranja wadogo. Zamani hedimasta Mzungu ndiye aliyechagua. Hedimasta wetu wa sasa, Mwafrika wa kwanza kuishika shule hii, alisema kujitawala kuanzie hapa shuleni, akatuachia sisi viranja. Kila fomu hutoa mtu mmoja, na aliyeadhibiwa muhula huo haingii. Jina likisomwa, mimi nasimama mbele ya shule nzima natamka, "Mwenendo wake naudhamini." Katika fomu ya kwanza wa kwanza kwa alama ni mjomba na wa pili ni Patroba. Phineas aliniambia jana kwamba yeye atanyamaza nikisema lolote, lakini hatanitazama tena usoni.

Nikidhamini, nasema uongo na Patroba ananisikia. Nikikataa, hedimasta atauliza kwa nini, na mjomba ataanikwa mbele ya watoto wadogo, nami naogopa ataacha shule, na akiacha mwaka huu harudi tena, cheti hatakipata na ualimu ndio basi. Mama yangu Ayuma alikuja siku ya wageni akaniambia, "Nasikia huku unapigishanga watu magoti. Ndugu yangu usimguse." Nimefikiria nijiuzulu ukiranja, mwingine aje aubebe mzigo huu. Nijibu mapema, sherehe ya utepe ni mwisho wa mwezi.

Ni mimi kiranja nisiye na raha,
Kakamega.

* * *

Wa aleikum salaam, kijana wangu.

Pole, na nasema pole kwa dhati. Kuwa na cheo juu ya mtu aliyekusukuma kwa baiskeli kwenye matope si mchezo, na wakubwa wengi wenye magari hapa nchini wangeshindwa na hilo jambo lako. Mimi ni mtu wa Mumias, nina wajomba, najua uzito wao. Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Umeniandikia kurasa nyingi. Mama amesema, Phineas amesema, hedimasta amesema, na wewe ndiyo usiseme. Mjomba je? Nimetafuta maneno yake humo nikayapata machache tu. "Mwiwa, niache nimalize." Wewe uliona haya kwa kuitwa mwiwa, hukusikia yaliyofuata. Asubuhi yake mtu mzima akaamka kabla ya kengele, akachukua fyekeo bila kuambiwa, akasimama karibu na yule mtoto aliyekosa pamoja naye. Ukamnyang'anya. Mwanangu, huyo bwana amekuomba adhabu yake mara mbili na mara zote mbili umemnyima, kisha unaniandikia mimi kwamba unamwonea huruma.

Mtu huyu alikubali kuvaa kaptula. Alikubali kufanya mtihani na watoto aliowashikisha kalamu. Aibu yote unayoiogopa wewe, yeye ameshaivuka zamani, tena kwa hiari yake. Alichokuja kutafuta ni kuwa mwanafunzi, na walikuwa wamempokea, mpaka jioni ile ulipomwinua. Sasa anakula peke yake kwa sababu yako. Unaogopa kwamba akiadhibiwa ataacha shule. Mimi naogopa ataacha kwa sababu hana mtu wa kucheza naye drafti.

Na Patroba umemfikiria lini? Barua nzima yumo kama nguzo ya ua. Mtoto wa watu kafyeka wiki nzima, kakosa utepe, na kila siku anamwona aliyesamehewa kwa kuwa na mpwa mkubwa. Mnaimba kujitawala. Wazungu walipokuwa wakipendelea ndugu zao tulilia sana, je, tuendelee wenyewe?

Kujiuzulu sitaki kusikia. Ukiacha cheo leo, siri unaiacha palepale na unamtupia Phineas, ambaye hakukosa kitu.

Utafanya hivi. Leo leo, kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote, mwendee mjomba. Mwamkie kama mnavyoamkiana nyumbani, muulize mtoto amepona surua, maana sioni mahali ulipouliza, kisha umwambie unakwenda kwa hedimasta. Usimwombe ruhusa, mwambie tu. Ukifika kwa hedimasta anza na kosa lako: ulikamata wawili ukaadhibu mmoja. La mjomba lije baadaye, pamoja na sababu yake. Kwenda kumwona mtoto mgonjwa ni jambo jema, lakini angeomba ruhusa, na nadhani hilo yeye mwenyewe analijua kuliko wewe. Hedimasta akikuvua ukiranja, uvue bila kinyongo.

Asipokuvua, ukiwa hapo hapo mwombe jambo moja: kupiga magoti kukome. Kukome kwa wote, mkubwa na mdogo, mwenye mpwa na asiye na mpwa. Aliyeleta mambo hayo alipanda meli akaenda zake, na sioni kwa nini mmetunza magoti yake. Mtu anaweza kusomewa adhabu akiwa amesimama.

Kisha msomee mjomba yake, mbele ya wenzake wale wale waliomwona akipelekwa kulala. Wiki nzima kama Patroba, nyuma ya jikoni, bila kupunguza hata siku. Siku ya utepe, nafasi ya fomu ya kwanza iacheni wazi, wala usimtafute wa tatu wa kuijaza. Wawili hao wako sawa, muhula ujao washindane, na nakwambia Patroba atamtoa jasho.

Mama yako mwambie nimesema mimi, na akitaka kugombana aje Mumias, nitampikia chai tugombane vizuri. Mkifunga shule, nenda kwa mjomba kabla hujafika kwenu. Mchotee maji, mpelekee ingokho, kuku mzima wa heshima, kaa chini umsikilize. Huko yeye ndiye mkubwa, na huko ndiko unapoilipa heshima yako yote.

Na kabla hujampa hilo fyekeo, linoe wewe mwenyewe, pamoja na mengine yote yaliyomo stoo, ili mtu asikulaumu. Lakini wewe utajua unalinoa kwa ajili ya nani.

Mwanamisi