Safari za Kila Mwezi

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na kikohozi kimekwisha. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa afya, naendelea vizuri na kazi.

Utasema, mtoto gani huyu, kazi yake kupokea simu lakini kwa baba yake hapigi. Sababu ni hiyo hiyo kazi. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni nina visikizio kichwani, watu wasionijua wananifokea kwa sababu vifurushi vyao vimeisha. Nikifika chumbani sitaki kusikia sauti ya mtu, hata yako. Usinune. Na ukweli mwingine, mimi na wewe kwenye simu hatusemi kitu. Hujambo, sijambo, mvua imenyesha, haya kwaheri.

Sasa la kukueleza. Juma lililopita nilianguka kazini. Ni tumbo. Lilianza asubuhi nikiwa naoga, nikajikaza, nikaenda. Kufika saa nne nilikuwa nimeinama juu ya meza, namwambia mteja "asante kwa kutupigia" huku jasho linadondokea kibodi. Mara nikajikuta sakafuni, miguu ya viti imenizunguka. Msimamizi wetu, tunamwita Bwana Sekunde maana anapima kila simu imekula sekunde ngapi, alikuja mbio. Sikudanganyi, hakuja kuniinua. Alikuja kukata ile simu iliyokuwa bado hewani. Kesho yake akaniita ofisini akanichezea rekodi. Mteja anauliza habari za laini yake, halafu unasikika mlio kama wa mbuzi. Ndiye mimi huyo. Akasema, "Mlio kama huu mteja hapaswi kuusikia."

Nilikwenda zahanati ya hapa karibu. Aliyenipokea hata hakuinua macho. Alinipa vidonge akasema nivumilie, nikiolewa nikazaa litakwisha.

Nisalimie wote wanaonikumbuka.

Mwanao akupendaye

15 Februari

Kwako mwanangu, mama yangu mdogo,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kwa dereva wa basi, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mimi sijambo. Goti ni la uzee, halina habari mpya. Kikohozi kimehamia kwa jirani.

Barua yako imenichekesha na kunitia hofu. Juu umeandika u mzima wa afya, chini umelala sakafuni. Nishike lipi?

Habari ya tumbo, mimi nadhani ni chakula. Watu wa mjini mnakula vitu vilivyolala. Meza dawa ya minyoo. Kunywa maji yaliyochemka, na hapo usibishane nami. Mimi ni fundi pampu mwaka wa thelathini na mbili huu, maji nayajua yanakotoka. Tangawizi nayo usiiache. Na huyo Bwana Sekunde mwambie binadamu si bomba, hakazwi kwa spana.

Kazi ziko tele. Pampu ya shule imekufa tena, ya zahanati inakoroma. Kesho naondoka alfajiri.

Jikaze, mama. Mvumilivu hula mbivu.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Dawa ya minyoo nimemeza. Minyoo kama ilikuwepo imekufa, mimi bado naumwa.

Barua hii nimeianza mara nne nikaichana mara nne. Sasa nitasema tu, nawe usome tu, maadamu hatutazamani usoni. Si chakula, baba. Ni hedhi. Siku mbili kabla na siku tatu ndani yake, kila mwezi, naumwa mpaka natapika. Nalala kwenye sakafu ya bafu kwa sababu saruji ni ya baridi na choo kiko karibu. Kiuno, mapaja, hata kwenda haja kubwa naona nyota. Najifunga chupa ya maji ya moto tumboni kwa taulo, sasa ngozi imebaki na madoa ya kahawia kama nguo iliyoungua pasi. Mama mwenye nyumba anapita dirishani akiimba, nami nang'ata mto asinisikie. Katika mji wote huu anayejua ni mtu mmoja, dada anayekaa kiti cha pili kazini, naye alijua kwa sababu nilimwangukia.

Yeye ndiye aliyenisukuma kwenda hospitali kubwa. Nilishinda kwenye benchi, mwisho nikaingia kwa daktari, mwanamke mfupi, mkali. Nikamweleza, halafu nikamalizia, "Lakini nimezoea." Akaweka kalamu chini. "Nani alikuambia kitu hiki kinazoeleka?" Baba, nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Siku hiyo hata sikuwa naumwa. Nililia kwa sababu aliniamini.

Anashuku kuna nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi, imeota nje, pasipo pake. Kila mwezi nayo inavimba, inatoka damu, na damu haina pa kwenda. Picha waliyonipiga haikuonyesha kitu, ila anasema picha ile mara nyingi haioni ugonjwa huu. Huenda wakanifanyia upasuaji mdogo, wapitishe kamera kitovuni watazame. Anasema wakati mwingine ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, kwa hiyo akauliza: mama yako alikuwa hivi? Alichelewa kupata mtoto? Nikasema mama alifariki kwa homa nikiwa na miaka minane, sijui kitu. Akasema, "Basi muulize baba yako."

Sina mwingine wa kumuuliza. Shangazi hayupo tena, na mama hakuwa na dada. Ni wewe tu. Mama alikuwa akiumwa?

Mwanao

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki ya sita hii. Nilipopiga simu Jumapili ukasema mtandao mbaya, ukakata. Baba, mimi kazi yangu ni mtandao. Ulikuwa mzuri.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Lakini daktari ananiona tarehe ishirini, na kwenye faili langu, pale palipoandikwa "mama wa mgonjwa" bado ni peupe. Mwezi uliopita nilikosa kazi siku nne, Bwana Sekunde ameniandikia onyo. Kila jioni narudi chumbani nakuta kila kitu nilivyokiacha, kikombe, kandambili, na hakuna barua mlangoni.

Neno moja tu linatosha. Ndiyo au hapana.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Salamu zitangoja leo.

Ndiyo. Mama yako alikuwa akiumwa. Mwandikie daktari kwa herufi kubwa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilirudi kazini nikamkuta amejikunja nyuma ya mlango, uso wote jasho. Nikakimbia kumwita bibi yako. Bibi akaja, akamtazama, akaniambia, "Hayo ni mambo ya wanawake. Wewe mwanamume unatafuta nini humo ndani?" Neno lile nililishika kwa mikono miwili, kwa sababu lilinifaa. Mimi naweza kushuka kwenye kisima kirefu bila kuogopa, lakini kumwona mama yako amelala chini vile, na sina cha kufungua wala cha kukaza, nilishindwa.

Basi nikajifunza hesabu ya siku zake. Niliijua kuliko yeye. Zikikaribia, nafunga mkoba wa spana, natafuta pampu ya mbali. Watu walinisifu, fundi gani huyu, hatulii nyumbani. Nikirudi baada ya siku nne namkuta ameshasimama, anafua. Ananiuliza, "Safari ilikuwaje?" Nasema nzuri. Miaka kumi na mitano tulikwenda hivyo. Naye alikuwa anajua kwamba najua. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Wewe ulikuja mwaka wa saba, baada ya mimba mbili kutoka. Ya pili ilitoka mimi nikiwa safarini.

Sikunyamaza kwa sababu umenikosea adabu. Nilinyamaza kwa sababu aibu ni yangu. Hospitali hatukumpeleka hata mara moja. Hakuna aliyemuuliza kama anaumwa, na mtu wa kumuuliza nilikuwa mimi.

Sijui barua kama hii inamalizwaje.

Baba yako

30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Sijapata jibu lako, na simu inaita tu. Najua ulikwenda kwa daktari tarehe ishirini ya mwezi ule. Nilikaa siku nzima nikifikiri walikwambia nini.

Hasira unayo haki nayo. Ila nijulishe kama u hai. Hata kupitia dereva wa basi. Ninakwenda stendi kila basi linapoingia, sasa hata wapiga debe wananiuliza namsubiri nani.

Baba yako

19 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika. Simu zako niliziona.

Daktari nilimpa jibu lako. Akaandika, akasema "pole kwa mama yako," kama vile mama amefariki jana. Ni mtu wa kwanza kunipa pole hiyo.

Sikukujibu kwa sababu kuna kitu kilinijia nikawa nakigeuza-geuza. Umeandika habari za mama. Na mimi je? Darasa la saba, siku mbili kabla ya mtihani. Nililala kwenye sakafu ya jikoni, siwezi hata kuinuka kufunga mlango. Wewe ukasimama hapo mlangoni na mkoba wa spana. Ukasema kuna pampu imeharibika ng'ambo ya mto, watu hawana maji. Ukaniachia uji kwenye chupa, ukaenda. Na mwezi uliofuata kukawa na pampu nyingine. Miaka yote hii nilidhani ni bahati mbaya yangu, kwamba pampu za watu zinachagua siku zangu.

Mama alikuwa mtu mzima, pengine alikusamehe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na sikuwa na mama. Sijui, baba. Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nasema kama ninavyosema na wateja.

Upasuaji ni tarehe sita Agosti, saa tatu asubuhi. Watanilaza usingizi, kwa hiyo wanataka ndugu awepo, atie saini na kungoja mpaka niamke. Asipokuwepo mtu wanaahirisha, na foleni ni ya miezi minne. Miezi minne kwangu ni mara nne sakafuni, na Bwana Sekunde ameshasema onyo la pili ndilo la mwisho. Dada wa kiti cha pili alikubali kuja, amenyimwa ruhusa. Mama mwenye nyumba sijamwambia, nitamwanzia wapi?

Kwenye fomu pana mstari wa jina la ndugu. Nimeuacha wazi. Sikuiti. Ukija kwa sababu nimekuita haitanisaidia kitu. Nakujulisha siku tu.

Mwanao

6 Agosti, kwenye benchi, saa nne asubuhi

Mwanangu, mama yangu,

Hujambo? Swali la kijinga, uko ndani wamekulaza. Mimi nipo hapa nje, karatasi hii nimeomba kwa muuguzi, na barua nitampa yeye akupe. Mdomo wangu unaujua, nikikuona nitaanza habari za mvua.

Basi liliharibika njiani, nimeingia getini saa mbili na nusu nikikimbia na goti langu. Nafika kwenye korido nasikia wanaita, "Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha tisa!" Wakaita tena, safari hii na jina lako. Nikasema ni mimi, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. Muuguzi akanitazama, akasema walishakuambia urudi nyumbani kwa kuwa huna mtu, ukawajibu, "Subirini kidogo." Walikuambia mara mbili, na mara mbili ulijibu hivyo. Alipokwenda kukuambia kwamba baba amefika, anasema ulifumba macho tu. Nimemuuliza umefumba vipi, akacheka, akasema, "Mzee, kaa chini."

Nimetia saini. Jina langu liko kwenye mstari. Akauliza mgonjwa anaumwa tangu lini. Nikasema tangu darasa la saba. Akaandika bila kushangaa, baba kujua jambo kama hilo la mwanawe.

Uliniuliza, na mimi je? Nikujibu sasa, kabla hujaamka. Siku ile hakukuwa na pampu. Wala mwezi uliofuata. Nilikwenda nikakaa ng'ambo ya mto, mkoba miguuni, watu wanateka maji mbele yangu kwenye pampu nzima. Nilikaa mpaka jioni, nikalala kwa mtu, nikarudi siku ya tatu, ukanipa shikamoo. Niliitikia marahaba.

Sikuombi msamaha leo, usije ukaona umewekewa mzigo mwingine ukiwa bado na nyuzi tumboni. Nimekuambia ili ujue hukuwa na bahati mbaya. Ulikuwa na baba mwoga.

Muuguzi ametoka sasa hivi, anasema bado saa moja na nusu. Kuna wanaume wawili hapa, wake zao wako ndani. Wamesimama wananyoosha miguu, wameniambia, "Mzee, twende tukapunge hewa, hapa hatuna tunalosaidia." Nimewaambia waende. Kukaa huku sikuwezi, mwanangu. Mikono haijui iwekwe wapi, na kila mlango ukilia nashtuka. Sijui mama yako aliwezaje kungoja peke yake.

Ukiamka ukawa hutaki kuniona, mwambie muuguzi. Nitahamia benchi la getini. Zaidi ya hapo siendi.

Baba yako