Kufuata Kijani

Kapata, Alhamisi usiku

Nacheka peke yangu, na wenzangu wa chumbani wameshaniambia mara mbili ninyamaze.

Mama Béa, mwalimu wetu wa kompyuta pale parokiani Dilala, alikuwa amesema kwamba ambaye programu yake haitatembea leo ampishe mwingine. Tangu askari watufukuze kwenye shimo la shaba sina kazi. Ningefukuzwa na darasani, ningerudi kwetu kaskazini mikono mitupu, na mke wangu...

Basi niliandika asubuhi nzima. Niligundua kwamba ukitia alama fulani mwanzoni, mstari unageuka kijani. Nikaitia kila mahali, maana shimoni ukiona jiwe la kijani umefikia shaba. Programu haikutembea.

Mama Béa alipotazama, alijishika mdomo. “Tata Kyungu, ile ya kijani ni maelezo ya kusomwa na sisi bantu, sisi watu tu. Mashini haisomake.”

“Mama, kwetu kijani ndiyo mali.”

“Basi geuza rangi, tata. Nani anakukataza?”

Kumbe inawezekana! Nikafuta zile alama. Amri zote nikazipa kijani, maelezo nikayapa rangi ya udongo tunaoutupa, na herufi nikazifanya kubwa, kwa kuwa vumbi limeniharibu macho. Ikatembea. Jina la mke wangu likatokea kwenye skrini kama nilivyoamuru.

Nimebaki darasani. Jirani yangu wa benchi, mchimbaji kama mimi, alikuwa amejaza skrini yake kijani kitupu, anatabasamu.

“Sogea nikuonyeshe, ndugu,” nikamwambia.