Silima na Hesabu ya Maulidi

Kikwajuni,
Unguja.
27 Juni 1971

Mpendwa mdogo wangu Shemsa,

Shikamoo yako uliyomtuma Ndugu Jaku imenifikia, nami naijibu marahaba kwa kalamu. U hali gani? Kifua chako kimetulia, au baridi ya ziwa bado inakuchokoza? Shemeji Usi hajambo na meli zake? Sisi huku hatujambo. Goti langu linalalamika kila nikipanda ngazi, lakini ulimi wangu mzima, na najua watu wengi mjini ambao wangependa iwe kinyume chake.

Dagaa wako wamefika salama. Shangazi Mwanaasha aliwatazama kwanza kwa dharau, akasema samaki aliyezaliwa katika maji matamu hana alijualo duniani. Kisha akawatia nazi, ndimu na pilipili, na sufuria ikarudi jikoni nyeupe. Ukipata wengine, usione haya kuleta.

Michenzani majumba yanazidi kurefuka. Kila jioni watu wanakwenda kuyatazama na kubishana nani atapewa ghorofa ya juu. Mimi nimesema nataka ya chini, kwa sababu ya goti, na pia nipate kusikia wanavyonisengenya wapitao.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike karatasi. Ni la mwanao Silima, tunayekaa naye hapa.

Unajua timu yetu ya vijana imekwenda mara mbili kwenye mashindano ya vijana wa Afrika Mashariki. Nairobi tulifungwa mechi zote, na siku ya Waganda sikuthubutu kusikiliza redio hadi mwisho. Kampala, mwaka jana, tulitoka sare mbili, tukafungwa moja, na Silima akapangua penalti ambayo watu wa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini wanaisimulia mpaka leo, kila mmoja kwa namna yake. Baada ya hapo bwana mmoja akaandika gazetini kwamba vijana wa Unguja huenda kwenye mashindano kutembea na kununua viatu. Nilimjibu kwa kurasa tano. Mhariri alichapa nusu ukurasa, na ile nusu ilitosha kumnyamazisha. Kisiwa kidogo hakina dhambi ya kuwa kidogo. Dhambi ni kukubali kuambiwa kwamba udogo ndio sababu ya kila kitu.

Mwaka huu mashindano ni Septemba, na ni hapo hapo kwenu Mwanza. Vijana wanafanya mazoezi kila baada ya Alasiri katika uwanja mpya wa Amaan, na nakwambia bila kutia chumvi, sijapata kuona timu ya watoto wetu inayopeana mpira namna hii. Zamani kijana wa klabu moja alikuwa radhi kupoteza mpira kuliko kumpa wa klabu nyingine. Hawa wanapeana kama ndugu wanaokula sinia moja.

Wiki mbili zilizopita likatangazwa jina la golikipa: Matar, wala si Silima. Matar ni mtoto mzuri, lakini mipira ya juu anaipokea kama mtu anayekamata kuku. Tena anatoka klabu ya Jaku, katibu wa kamati ya timu. Basi nikajua, au nilidhani nimejua. Nilikwenda ofisini kwao Amaan nikiwa nimeshatunga barua ya gazeti kichwani, na nikaimwaga yote pale mlangoni, upendeleo, klabu, hila, kabla hata sijapewa kiti.

Jaku alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, "Umemaliza, Mwalimu Pandu? Sheria inataka kijana awe hajatimiza miaka kumi na minane siku ya kwanza ya mashindano. Silima kashatimiza."

"Nani kakwambia?"

"Mama yake. Nilipokwenda Mwanza kutazama uwanja nilipita kumsalimia ndugu yako. Kanipikia pilau, kanikirimu, na huku ananipakulia akanambia, kijana wangu mtu mzima sasa, Maulidi hii katimiza kumi na minane."

Shemsa, nimepigana na watu wengi katika maisha yangu, lakini sijapata kupigwa na pilau ya mdogo wangu mwenyewe.

Nilivuta kiti nikaketi bila kukaribishwa. Kisha nikamuuliza, "Alisema Maulidi?"

"Alisema Maulidi. Si ni mamoja?"

"Si mamoja hata kidogo." Nikamweleza jambo ambalo nimelifundisha skuli miaka yote na sikuwahi kufikiri litaingia golini. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kumi na moja hivi. Ndiyo maana Ramadhani haikai msimu mmoja. Silima alizaliwa usiku wa Maulidi, na Maulidi ya mwaka ule, mimi nikiwa Pemba, ilisomwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli. Mwaka huu tumeisoma mwezi wa Mei, masika yakitumwagia maji shingoni. Mtu aliyetimiza Maulidi kumi na nane bado hajatimiza miaka kumi na minane ya hao wenye mashindano. Kwa hesabu yao, Silima ataitimiza Novemba, mashindano yakiwa yamekwisha.

Mzee mmoja wa kamati aliyekuwa akisinzia pembeni akafungua jicho. "Kwa hivyo mtoto ana umri wa namna mbili. Siku ya kuoa atatumia upi?"

"Atatumia atakaoutaka mkwe," Jaku akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile tukacheka sote.

Lakini hakuniachia. Alisema, na ninakiri alisema la haki, kwamba hawezi kupeleka jina kwa ufundi wa mjomba mtu. Silima alizaliwa shamba, Kizimkazi, na cheti hakikukatwa. Mama yetu aliyekuwapo usiku ule ameshatutoka, mkunga naye vivyo hivyo, na Usi alikuwa baharini. Umebaki wewe peke yako. Kamati inataka uende mbele ya kadhi wa huko uape mambo mawili: kwamba Silima alizaliwa usiku wa Maulidi, na kwamba ulipomwambia Jaku kumi na minane ulikuwa ukihesabu kwa Maulidi, si kwa kalenda. Jibu lifike kabla ya Julai kwisha, ama sivyo Matar ndiye golikipa.

Barazani wamenishauri nikuandikie maneno ya kusema, uyahifadhi. Nimewafukuza. Siku zote nimewaambia wanaotudharau kwamba tutawashinda uwanjani, mchana, kwa haki. Nikishinda kwa kiapo nilichokitunga mimi, yule bwana wa gazetini atakuwa amenishinda bila kuandika neno. Najua ulivyolelewa, najua nyumba yetu ilivyohesabu umri, na moyo wangu unaniambia ulihesabu Maulidi moja baada ya moja. Lakini moyo wangu si shahidi. Kama ulihesabu vingine, sema vingine.

Wala usijilaumu kwa kumsifia mwanao mbele ya mgeni. Mama asiyemsifu mwanawe mbele ya pilau atamsifu wapi?

Silima anakuamkia. Hakosi mazoezi hata sasa. Anamfunza Matar kupokea mipira ya juu, na nilipomuuliza kwa nini anamnoa mtu aliyekaa mahali pake, alinijibu, "Mjomba, kama mama atasema la, goli letu litakuwa lake. Si vizuri nimwache wazi." Nikamwambia kanishinda. Andika tarehe, ndugu yangu, kwani hili halitokei mara nyingi.

Msalimie sana shemeji Usi, na watoto wadogo wote. Shangazi Mwanaasha anakuombea dua kila baada ya Isha, na Jaku anasema pilau haikuwa na kosa. Mungu akulinde, akupe afya, na akupe ulimi mwepesi kwa lililo kweli. Nenda kwa kadhi, Shemsa. Lolote utakalosema, Septemba nitakuja na Silima Mwanza, awe uwanjani au awe kando yetu, na mara hii tunakuja kucheza, si kununua viatu.

Ndimi kaka yako akupendaye hata akigombana,

Pandu