Koti la Ngozi la Bwana Tukutuku

Jumatatu, 10 Novemba 1913

Sadallah kaja mbio asubuhi, mwiko bado mkononi. Mpishi wa Bwana Tukutuku, mtu ambaye hata shikamoo huiitikia kwa pua! Leo kanianza yeye: Mama Petro, nisitiri.

Nimemfuata mpaka uani kwa Bwana. Kumbe ni lile vazi la ngozi, koti na suruali, analovaa Mdachi wetu wa barabara akipanda tukutuku yake, ile baiskeli ya moshi. Tangu mvua zilizopita limening'inia stoo na vumbi jekundu na jasho. Bwana yuko Mnyambe anakagua barabara. Kaagiza alikute safi Jumamosi, maana mvua ziko karibu. Naye Sadallah, kwa heshima, kaliloweka! Huku juu kusiko na kisima, maji ndiyo heshima. Mgeni wa maana humpimii. Mitungi sita, sabuni, kisha kalianika juani.

Suruali imesimama yenyewe, hamna mtu ndani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaikumbuka ile mitungi sita, kicheko kikaniisha. Danieli, mume wangu, yuko kwenye mnyororo wa wafungwa kwa nusu mtungi tu.

Miezi miwili sasa. Alikuwa mchota maji wa Bwana. Siku ile anapandisha kutoka bondeni akamkuta jirani yetu Sijaona kashikwa na uchungu njiani, akampa nusu ya mtungi. Mtoto alizaliwa salama, wakamwita Safari. Bwana akapata maji ya kuosha miguu tu. Hukumu: miezi sita, chuma shingoni, kuchimba barabara.

Sadallah anaogopa kiboko. Nimemwambia nitalitengeneza, lakini Bwana akirudi amtajie jina langu na la mume wangu. Kakubali.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeanza. Marehemu baba, Mzee Barnaba, alishona matandiko ya punda wa misheni kule Masasi. Alikuwa akisema ngozi usiichome jua, usiizamishe, ilishe mafuta kidogo kidogo kama mgonjwa. Mwaka wa Maji Maji tulipokimbia aliacha hata sufuria, akabeba sindano na bonge la nta. Mama alimnunia mwezi mzima!

Bakuli moja la maji. Moja tu. Nimekamua kitambaa mpaka hakitoi tone, nikafuta chumvi ya jasho kwapani na shingoni. Suruali nimeifunga nguo yenye unyevu ili ilainike. Kivulini, ndani. Sadallah anauliza kila mara kama bado. Nimempa ufuta atwange.

Alhamisi, 13 Novemba

Habari mbaya. Nyapara kasema mnyororo wote unapelekwa Lindi Jumatano ijayo. Lindi! Waliopelekwa mwaka juzi mpaka leo hatuna habari zao. Nimelia huku nasugua, chozi likadondokea koti. Nikalifuta upesi — chumvi haifai.

Mchana kaja Sijaona, Safari mgongoni, na kipande kikubwa cha nta kutoka mizinga ya mumewe. Si msemaji. Kasema tu kwamba shemeji Danieli alimpa maji, naye ana hii. Nilimkumbatia na nta yake.

Nimeiyeyusha katika mafuta ya ufuta, moto mdogo, nikapaka kwa kiganja. Ngozi inakunywa! Jioni suruali imekunja goti. La kulia tu, lakini imekunja.

Ijumaa, 14 Novemba

Goti la kushoto nalo. Sasa suruali inakaa chini kama binadamu.

Mishono nimeipaka nta mara mbili, maana maji hupita kwenye tundu la sindano. Bega la kushoto la koti linanitia wasiwasi. Sadallah alilisugua kwa mchanga, huyu baba! Nimelipaka mara nne. Mikono inauma. Nimejikuta naimba.

Jumamosi, 15 Novemba

Kaja. Tuku-tuku-tuku, kuku wote chini ya ghala.

Kavaa koti, kakunja mikono, kainama, kacheka. Gut, gut, yaani safi! Kampiga Sadallah bega. Sadallah anatazama vidole vya miguu. Nikakohoa mlangoni. Nikakohoa tena, kikohozi ambacho hata kiziwi angegeuka. Ndipo akasema, na jasho linamtoka: si mimi, Bwana, mimi niliharibu. Aliyeponya ni huyu, mke wa Danieli wa mnyororo.

Nilidhani kiboko kinafuata. Bwana kauliza nimetumia mitungi mingapi. Bakuli moja, nikajibu. Hakuamini. Kachukua kikombe cha maji, kajimwagia kwenye mkono wa koti. Maji yakakimbia yote, mkono mkavu! Hapo nikapiga magoti nikasema: nipe mume wangu.

Kajibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Kikombe si mvua. Jumanne anakwenda Masasi na kurudi. Mvua ikimpiga na shati la ndani likabaki kavu, Danieli atafunguliwa. Likilowa, Lindi. Na mvua isiponyesha? Sadallah ndiye aliyeuliza, Mungu ambariki. Bwana kapandisha mabega: Lindi vilevile.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeomba mvua kanisani. Sijaona kasema mumewe kaomba msikitini. Jua kali, wala wingu la kusingizia hakuna.

Nimewaza. Mwaka ule watu waliambiwa maji yatazuia risasi. Mimi naahidi mafuta yatazuia maji. Nina tofauti gani nao? Lakini mimi niliona. Yalikimbia mkononi mwake, niliona kwa macho yangu.

Jumanne, 18 Novemba

Kaondoka alfajiri. Mbingu kavu.

Saa sita, hamna. Saa nane, wingu upande wa Masasi, jeusi kama chungu. Nimeogopa hata kulitazama lisije likaona haya. Saa tisa upepo, vumbi, milango inapiga.

Mvua! Mvua yenyewe! Watu wametoka na mitungi, vyungu, masufuria, Sijaona katoa hata kinu. Wazee wanakimbia kama watoto. Mnyororo umerudishwa mapema, umepita hapa mbele. Danieli ni wa tatu. Kainua uso na chuma chake shingoni, kinywa wazi, anakunywa. Nimemwita. Kanitazama, kacheka! Nyapara kawasukuma.

Nimekinga lile bakuli nililosafishia ngozi. Limejaa mara moja. Hili ni la Danieli. Petro kataka kunywa, nimemwambia subiri baba yako.

Bado inanyesha. Naandika huku nasikiliza. Bega la kushoto, Mungu wangu, bega la kushoto. Mara nne nililipaka. Zilitosha? Ningepaka ya tano.

Tukutuku! Iko mbali, kwenye mlima. Inakohoa, inapanda. Sasa iko karibu. Imezimwa.

Atakuwa anavua koti.

Sadallah anapiga kelele barabarani, anataja jina langu, anataja la Danieli. Mvua kubwa, sisikii kama ni kicheko au kilio. Anakuja mbio, na kuna kitu cheupe anapunga mkononi, kama shati, bado linapepea. Naenda na bakuli —