Jicho la Baba kwenye Picha

Moshi, Alhamisi, Julai 2006

Mlima umejifunika tangu asubuhi, baridi inang'ata, na mimi siisikii. Nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi kwenye kompyuta hii ya intaneti kafe. Leo nimegundua glakoma, ugonjwa unaoiba uoni polepole. Mimi mwenyewe, kwenye picha, kabla daktari hajasema neno.

Na jicho lenyewe ni la Baba.

Kliniki yetu ya macho imepata kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, nasi wauguzi ndio kwanza tunajifunza. Nilitafuta macho mazima ya kufanyia mazoezi. Baba alikuwa ameniletea mkungu wa ndizi za mshare kutoka kihambani, shamba letu la ukoo, basi nikamkalisha, nikamtia dawa ya kupanua mboni, nikapiga. Pale mshipa wa fahamu unapoingia jichoni pana kiduara, na katikati yake kishimo cheupe kidogo. Kishimo cha Baba kilikuwa kimekula karibu kiduara chote. Nikapiga jicho la pili. Yale yale.

Daktari akaja, akapima presha ya macho, akapima na upeo wa kuona. Mbele Baba anaona vizuri, ndiyo maana hajawahi kulalamika. Pembeni ndiko kumekwisha. Kilichopotea hakirudi, lakini kwa dawa ya matone tunaweza kukilinda kilichobaki. Tumewahi, jamani.

Sasa niungame.

Tangu Pasaka Baba na kaka yake, Baba Mkubwa, hawasemeshani. Baba Mkubwa alikuwa amekaa benchi la pembeni nje ya kanisa, Baba akampita bila shikamoo, ukoo mzima ukitazama. Baba aliapa kwamba hakumwona. Nani alimwamini? Mimi nilimwambia usoni kwamba uzee umemletea maringo. Na mimi ni muuguzi wa macho.

Alasiri, mboni ziliporudi sawa, nilimwonyesha picha. Akaitazama sana. "Kumbe sikuwa mwongo," akasema. Nikalia pale pale mbele ya wagonjwa.

Glakoma hutembea kwenye damu, kwa hiyo Baba Mkubwa naye lazima apimwe. Kesho tunapanda kwake na picha na jani la isale, maana kwetu ukiletewa isale hukatai kusamehe.

Ila nitachuma majani mawili. La kwanza ni la Baba, kutoka kwangu, na nitampa nikiwa nimesimama mbele yake kabisa, pale anapoona.